Mtoto Mwenye Usonji: Tabia Yake Ndiyo Maneno Yake



Katika makala ya leo tutazungumzia jambo ambalo limo katika nyumba nyingi lakini si jepesi kulisema barazani. Nalo ni usonji, ambao hapa Oman utawasikia madaktari wakiuita tawahhud. Nitaeleza kwa ufupi usonji ni nini, kisha nitakaa zaidi kwenye suali ambalo wazazi na mabibi huniuliza kila mara: "Nesi, mtoto huyu anapopiga mayowe na kujiuma, tumfanye nini?"

Tuanze na mfano. Ni Alhamisi asubuhi na soko la Sinaw limejaa. Ngamia wanateremshwa garini, mbuzi wanazungushwa mbele ya wanunuzi, madalali wanapaza sauti, na jua limeshaanza kuchoma. Bibi amemshika mkono mjukuu wake wa miaka 5. Mtoto huyu hasemi. Mara anaziba masikio, halafu anajitupa chini, anapiga mayowe na kuuma mkono wake mwenyewe. Watu wanageuka. Mmoja anasema hana adabu. Mwingine anasema huyu ana kitu, asomewe. Bibi, kwa aibu, anamkimbiza garini na mtoto anatulia. Alhamisi inayofuata mambo ni yale yale, ila safari hii mtoto anajitupa mapema zaidi, hata kabla hawajafika kwenye mbuzi.

Bibi huyu anampenda mjukuu wake. Kilichomshinda ni kujua mtoto alikuwa anasema nini. Tutamrudia baadaye.

USONJI NI NINI?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana katika maisha ya mtoto. Si maradhi ya kuambukiza na si wendawazimu. Dalili zake ziko katika mafungu mawili. La kwanza ni mawasiliano na watu: mtoto huchelewa kusema au hasemi, haitiki anapoitwa jina, haoneshi kitu kwa kidole, hachezi na wenzake. La pili ni tabia za kujirudia na hisia zilizo tofauti: hupanga vitu mstari mmoja, hupepesa mikono, hutaka njia ile ile na chakula kile kile kila siku, au huumizwa na sauti, mwanga na nguo ambazo wengine hatuzioni kuwa ni tatizo.

Watoto hawa hawafanani. Yuko asiyesema hata neno moja, na yuko anayesoma na kuhesabu vizuri lakini hajui namna ya kuanza mazungumzo. Baadhi yao wana ulemavu wa akili pia au kifafa, na wengine hawana.

Je, nani wa kulaumiwa? Hakuna. Daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 wa aina hii huko Marekani mwaka 1943, baadhi ya wataalamu wa zama zile waliwatupia lawama akina mama, kwamba hawana mapenzi kwa watoto wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kuipinga fikra hiyo, na leo hakuna mtaalamu wa maana anayeishikilia. Kwa hiyo mama unayesoma hapa, utue mzigo huo.

Wala si sindano. Ile karatasi ya mwaka 1998 iliyodai kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000 na hawakuona uhusiano wowote. Mtoto mwenye usonji anahitaji chanjo zake kama mtoto mwengine yeyote.

Kuhusu majini na kijicho, nasema hivi kwa heshima. Kisomo na dua ni ibada na ni faraja kwa nyumba, na hakuna anayekukataza. Lakini dua isiwe sababu ya kuacha kwenda kliniki. Na tafadhali, mtoto asichomwe moto. Mtoto asiyeweza kusema hawezi hata kukwambia kuwa kidonda kinamuuma. Vile vile jihadharini na wanaouza dawa za "kusafisha sumu mwilini". Mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki Marekani, jimbo la Pennsylvania, baada ya kutiwa dawa ya namna hiyo kwenye mshipa. Hakuna dawa inayoondoa usonji.

MBONA SIKU HIZI WAMEKUWA WENGI?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta Oman ina watoto 1.4 wenye usonji katika kila watoto 10,000. Utafiti mwengine uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta 20.35 katika kila 10,000. Hilo ni ongezeko la zaidi ya mara 14. Usidhani kuna maradhi mapya yaliyoingia nchini. Sehemu kubwa ya tofauti hii ni kwamba sasa watoto wanatafutwa, wazazi wanauliza na madaktari wanajua cha kutazama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 hivi duniani alikuwa na usonji. Maana yake ni kwamba wapo wengine ambao bado wamefichwa ndani.

TABIA NI MANENO

Sasa tufike kwenye kiini cha makala hii. Mtoto asiye na maneno bado ana mahitaji. Ana njaa, anaumwa, anaogopa, amechoka, anataka kile kilichoko juu ya kabati. Asipokuwa na neno la kusema, atatumia mwili wake. Mayowe ni neno. Kujitupa chini ni neno. Kuuma ni neno. Kazi yetu ni kulifahamu lile neno, kisha tumpe jengine jepesi zaidi la kusema jambo hilo hilo.

Kwa kawaida tabia ngumu hutokana na moja ya sababu nne:

1. Anataka kitu (chakula, simu, kutoka nje).
2. Anakimbia kitu (kelele, kazi ngumu, watu wengi).
3. Anataka mtu amshughulikie.
4. Mwili wake una jambo: maumivu, au hisia inayomtuliza au kumkera.

Kabla ya yote tazama hiyo ya nne. Mtoto ambaye ghafla ameanza kujipiga kichwa, mtazame masikio, meno, koo na choo. Choo kigumu ni tatizo la mara kwa mara kwa watoto hawa kwa sababu wengi huchagua sana chakula. Mkosi wa usingizi nao ni hivyo hivyo. Usimfundishe adabu mtoto anayeumwa na jino. Mpeleke kwa daktari.

DAFTARI LA SAFU TATU

Ukishahakikisha haumwi, chukua daftari la kawaida la skuli, piga mistari ufanye safu tatu. Ya kwanza andika KABLA, ya pili TABIA, ya tatu BAADA. Kila tabia ngumu inapotokea, andika kwa maneno machache nini kilitokea kabla tu, mtoto alifanya nini, na watu walifanya nini baada yake. Usiandike "alikuwa mbaya". Andika "alijitupa chini, aliuma mkono, dakika 5". Fanya hivyo kwa wiki mbili.

Sasa turudi kwa bibi yetu wa Sinaw. Daftari lake lingesomeka hivi. Kabla: kelele za madalali, watu wengi, jua. Tabia: alijitupa, alijiuma. Baada: alitolewa sokoni, akatulia garini. Inarudi hivyo kila Alhamisi. Bila ya shaka umeshaona. Mtoto alikuwa anasema "nataka kutoka, masikio yananiuma", na kila alipojitupa chini alitolewa. Amejifunza kuwa kujitupa ndiko kunakofanya kazi. Hana ukaidi wowote. Amejifunza kama tunavyojifunza sote.

Je, bibi amlazimishe abaki sokoni mpaka azoee? Hapana. Ombi la mtoto ni la haki. Kilicho kibaya ni njia tu, kwa sababu inamuumiza. Basi afundishwe njia nyengine.

NAMNA YA KUMFUNDISHA

1. Chagua jambo moja tu. Si kulala, kula, kuvaa na kwenda chooni kwa pamoja. Anza na lile linalomuumiza yeye au wenzake.

2. Mpe ishara badala ya kelele. Tengeneza kadi ndogo yenye picha ya gari, au mkono uliofunguliwa, yenye maana ya "basi, tutoke". Mfundishe nyumbani akiwa ametulia, si sokoni. Mtu mmoja amshike mkono kwa upole ampe mwengine kadi, na papo hapo watoke nje. Rudia mara nyingi kama mchezo. Anapotoa kadi, atii mtu mzima. Kadi isiyojibiwa ni karatasi tu. Kutumia picha na ishara hakumzuii mtoto kusema. Kwa wengi kunasaidia.

3. Punguza mzigo wa kabla. Nenda sokoni mapema, kaa dakika 10 badala ya saa nzima, mvalishe vifuniko vya masikio, ondoka kabla hajashindwa. Safari fupi iliyokwisha salama inafaa kuliko ndefu iliyokwisha kwa mayowe.

4. Muoneshe kinachokuja. Watoto hawa wanateswa sana na jambo la ghafla. Panga picha mbili: KWANZA kuoga, HALAFU tende. Siku ya Idi, siku ya wageni, siku ya kubadilisha nyumba, mtayarishe siku kadhaa kabla kwa picha.

5. Sifu kile unachokitaka, na usifu hapo hapo. Usiseme "mzuri" tu. Sema "umetoa kadi, vizuri sana!" kisha mpe kile alichokiomba. Mtoto mmoja hufurahi kwa kukumbatiwa, mwengine hapendi kuguswa na hufurahi kwa kuzungushwa kwenye kiti. Mjue wako.

6. Uwe na subira pale mambo yanapozidi kwanza. Ukiacha kuijibu tabia ya zamani, mtoto huijaribu kwa nguvu zaidi kwa siku chache, kama mtu anayebonyeza kengele isiyofanya kazi. Nyumba nyingi huvunjika moyo hapa. Msaidie atoe kadi, mlinde asijiumize, na msirudi nyuma.

7. Usimpige. Kipigo hakimfundishi neno jipya. Kinamwongezea khofu, na mtoto anayepigwa hujifunza kupiga. Hata tiba ya tabia yenyewe imepita huko. Ivar Lovaas, aliyechapisha mwaka 1987 matokeo ya kufundisha watoto hawa kwa saa 40 kwa wiki, aliwahi kutumia adhabu za mwili, na njia hizo zimekataliwa. Watu wazima wenye usonji pia wametukumbusha kuwa lengo si kumfanya mtoto afanane na wengine. Akipepesa mikono na hamuumizi mtu, muache. Ndiyo furaha yake.

Na haya yote yafanywe na kila mtu wa nyumbani. Katika nyumba nyingi za Oman anayekaa na mtoto mchana kutwa ni dada wa kazi kutoka Tanga, Mombasa au Kampala. Kama wewe ndiye dada huyo na unasoma hapa, elewa kuwa wewe ni mwalimu mkubwa wa mtoto huyo. Na wewe mwenye nyumba, umkalishe dada yako, umuoneshe kadi na daftari. Mama akifuata hivi, bibi hivi na dada vyengine, mtoto atapotea.

JE, KISWAHILI KIACHWE?

Hili linaniuma na lazima niliseme. Nyumba zetu zina lugha mbili au tatu. Baba Kiarabu, bibi Kiswahili cha Unguja, skuli Kiarabu na Kiingereza. Mtoto akichelewa kusema, jambo la kwanza wazazi huambiwa ni "acheni Kiswahili, mnamchanganya". Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwaambia hivyo wazazi, kwa nia njema. Nilikosea.

Watafiti wa Montreal, Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwalinganisha watoto wenye usonji waliokulia lugha mbili na waliokulia lugha moja, na hawakuona kuwa wa lugha mbili wamechelewa zaidi. Tafiti nyengine zimekuja na jibu kama hilo. Usonji ndio unaochelewesha maneno, si lugha ya bibi.

Fikiri kinachopotea. Bibi asiyejua Kiarabu vizuri akikatazwa kusema Kiswahili na mjukuu wake, hatajifunza Kiarabu uzeeni. Atanyamaza tu. Na mtoto ambaye tayari ana watu wachache wa kusema naye atapungukiwa na yule mwenye subira kuliko wote. Hivyo basi, kila mtu aseme na mtoto kwa lugha anayoimudu, kwa sentensi fupi: "Twende. Vaa viatu. Maji haya." Na kwa maneno yale muhimu kabisa ya mwanzo, kama vile "basi", "nataka", "nisaidie", kubalianeni neno moja au ishara moja nyumba nzima. Uzuri wa kadi ya picha ni kwamba haina lugha. Bibi ataiita gari, baba ataiita sayyara, na mtoto atatoka nje vile vile.

USALAMA

Watoto wengi wenye usonji hutoroka bila ya kuona hatari, na wengi hupenda sana maji. Huku kwetu kuna visima mashambani, mifereji ya falaj, matangi na mabonde yanayojaa ghafla mvua ikinyesha. Funika kisima. Weka komeo juu ya mlango, mahali asipofika. Mshonee jina na namba ya simu ndani ya nguo. Waeleze majirani na mwenye duka la jirani: "Mkimuona peke yake, mshikeni, mtupigie." Akipotea, tafuta kwanza kwenye maji. Na usimuache garini hata dakika moja wakati wa joto.

WAPI PA KUANZIA

Usingoje. "Babake naye alichelewa kusema" ni maneno yaliyowapotezea watoto wengi miaka yao ya thamani. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake na asiyeonesha kwa kidole, mtoto wa miezi 16 asiye na neno hata moja, au mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea, apelekwe kliniki.

Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe na kadi ya pinki ya mtoto. Anapokwenda kwa sindano ya miezi 18, mwambie nesi unataka aulizwe yale maswali 20 ya usonji. Ni maswali kwa mzazi tu, hayamuumizi mtoto. Mwombe pia apimwe masikio. Kutoka Sinaw rufaa huweza kwenda Ibra na kisha Muscat, ambako Hospitali ya Royal, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na Al Masarra ndizo zimekuwa zikitambua watoto wengi. Ulizia pia vituo vya Al Wafa vya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, ambavyo viko katika wilaya mbalimbali.

Kwa raia wa Oman, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2023 imeweka posho ya Rial 130 kwa mwezi kwa mtu mwenye ulemavu. Usione haya kuiomba. Ni haki ya mtoto. Asiye raia hahesabiwi katika posho hiyo, kwa hiyo uliza gharama za kliniki mapema na angalia bima yako ya kazi.

Na kwa wale ambao mtoto amebaki nyumbani kwa bibi yake: Zanzibar iko jumuiya ya ZAPDD, Dar es Salaam kuna kitengo cha usonji katika skuli ya Msimbazi Mseto, na Nairobi kiko kitengo cha City Primary. Fedha unayotuma ni nzuri, lakini mpigie bibi simu umueleze na hili la daftari.

Ukiona Muscat ni mbali, na orodha ya kungoja ni ndefu, usikate tamaa. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo maalumu kwa walezi wa watoto hawa, yenye vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani, na yamejaribiwa hadi Kenya na Ethiopia. Msingi wake ni kwamba mlezi wa kawaida anaweza kufundisha, na darasa ni mambo ya kila siku: kuoga, kula, kuvaa, kuwapa mbuzi majani. Saa moja kwa mtaalamu kila mwezi haiwezi kushinda saa zote mtoto anazokaa na wewe.

Bibi yetu wa sokoni naye hahitaji kuacha kwenda na mjukuu wake. Anahitaji kadi moja mfukoni, safari fupi, na moyo wa kutii kadi ikitolewa hata kama bado hajanunua samaki. Siku mtoto atakapomvuta kanga na kumpa ile kadi badala ya kujitupa chini, atakuwa amesema. Na bibi atakuwa amemsikia.

Mwenyezi Mungu awape subira walezi wote na awape watoto wetu njia nyepesi. Ukiwa na mtoto wa namna hii nyumbani, anza daftari leo usiku.

Wabillahi tawfiq.